Barua kutoka Liège: msitazame kipimajoto, pimeni mvua

Liège, Ubelgiji, Septemba

Baba, Mama, na yaya, ndugu yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwenu nyote hapo Katuba, Lubumbashi. Huku tu wazima. Mama aliuliza kwenye simu inakuwaje Wazungu wanakufa kwa joto la digrii 35 wakati Oktoba ya Lubumbashi inafika 33 na watu wanakwenda sokoni kama kawaida. Baba naye akacheka kwamba dunia imepanda digrii moja na nusu tu, kelele zote hizi za nini? Maswali hayo hayaishi kwenye simu, ndiyo maana naandika. Nikimaliza kuyajibu nitaingia kwenye shamba la barabara ya Kasenga na bati la nyumba, maana mvua ziko karibu na kazi yenyewe iko huko.

Baba, digrii moja na nusu ni wastani, na hakuna mtu anayeishi kwenye wastani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limehesabu kwamba mwaka 2024 ulikuwa juu ya kipindi cha 1850–1900 kwa digrii 1.55 hivi. Lakini hesabu hiyo inachanganya bahari, inayofunika zaidi ya theluthi mbili ya dunia na kupata joto polepole, pamoja na nchi kavu inayopata joto haraka. Ulaya imepanda kwa kasi kama mara mbili ya wastani tangu miaka ya 1980. Kaskazini kabisa, kwenye barafu, kasi imekuwa karibu mara nne tangu 1979: barafu nyeupe ilikuwa inarudisha mwanga wa jua, na ikiyeyuka inabaki bahari nyeusi inayoumeza. Walio Kanada wamekwisha kuonja. Tarehe 29 Juni 2021 mji wa Lytton ulifika digrii 49.6, na kesho yake moto ukauteketeza karibu wote.

Upande wenu wa Katanga hauendi kwa mbio hizo, lakini hilo lisiwafurahishe. Hapa Liège mwezi wa baridi na mwezi wa joto vinapishana kwa digrii kama 15, na Januari ya mwaka huu inaweza kuwa mbali kabisa na Januari ya mwaka jana. Mimea, wadudu na watu wamezoea kuyumbishwa. Lubumbashi, Julai na Oktoba hupishana kwa digrii kama 7 tu, na Oktoba ya mwaka mmoja hufanana sana na ya mwaka mwingine. Mahali palipotulia hivyo, hata digrii moja inatosha kutoka nje ya yale ambayo wazee waliyajua. Kwa hiyo nchi za tropiki zinaingia kwenye hali ngeni mapema, hata kama namba yao ni ndogo.

Sasa la Mama. Joto la mchana linaua pia, lakini si peke yake. Usiku usiopoa unaongeza hatari sana. Lubumbashi iko kwenye mita zaidi ya 1,200 na hewa ya Oktoba ni kavu, kwa hiyo mchana unaweza kuwa 33 na alfajiri ikawa karibu 17. Moyo unapumzika. Nyumba za huku zimejengwa ili zisipoteze joto: kuta nene, madirisha makubwa ya vioo upande wa jua, mara nyingi bila kifuniko cha nje. Kioo kikiisha kuingiza jua, joto halina pa kutokea, na siku ya tatu chumba cha ghorofa ya juu kinalala juu ya 25 usiku kucha. Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 namna hiyo. Wengi walikuwa wazee, wengi wanaishi peke yao, na vyumba vya Paris vilivyo moja kwa moja chini ya paa la bati vilikuwa miongoni mwa vilivyoua zaidi. Kwa hiyo si kwamba Wazungu ni dhaifu, Mama, hata kama jirani yako anapenda kusema hivyo.

Tena digrii 33 za Lubumbashi si sawa na 33 za Kinshasa. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka, na hewa iliyojaa mvuke hailikaushi. Ukifunga kitambaa chenye maji kwenye ncha ya kipimajoto na kukipepea, namba unayosoma ndiyo inayoeleza shida ya mwili. Ikifika 35, hata kijana mzima aliyekaa kivulini hawezi kujipoza, na wazee na wagonjwa wanaanguka mapema kuliko hapo. Mzee wetu wa Kinshasa achunge Machi na Aprili. Ninyi wa Lubumbashi hatari yenu kubwa ni nyingine: maji, na siku yanapokuja.

Kila digrii moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mzigo ukiongezeka, unaposhushwa unashuka mzito, na kati ya mvua na mvua udongo unakauka haraka kwa sababu hewa ile ile inanyonya zaidi. Jumla ya mwaka inaweza isibadilike sana, huku mkulima akiwa ameharibikiwa. Bonde la Vesdre, karibu kabisa na hapa, lilipata mzigo huo Julai 2021: Jalhay ilipokea zaidi ya milimita 250 kwa siku mbili, karibu mvua yenu ya Januari nzima, na Ubelgiji ikazika watu wapatao 40. Nchi tajiri, yenye rada na kengele za hatari. Kwenu nchini Kongo, tarehe 4 Mei 2023, milima ya Kalehe, huko Kivu, iliachia tope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa zaidi ya 400. Kivu ina miteremko mikali iliyovuliwa miti, na nyumba zimesogea mpaka kwenye mdomo wa mito, karibu na soko. Shangazi wa Bukavu hawezi kujikinga kwa ushauri wangu wa shamba tambarare. Kwake la kwanza ni kutolala chini ya mteremko wenye nyufa mpya au miti iliyoanza kuinama baada ya mvua ya siku kadhaa.

Halafu kuna El Niño, yaani maji ya Pasifiki ya tropiki yakipata joto kupita kawaida. Mara nyingi huongeza mvua za Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka na kukausha kusini. Msimu wa 2023–2024 ulionyesha vizuri jinsi eneo moja linavyoweza kugawanyika. Ziwa Tanganyika lilijaa mpaka likaingia mitaani Uvira na Kalemie. Zambia, mlango wa pili kutoka kwenu, ilitangaza janga la ukame tarehe 29 Februari 2024, baada ya kama hekta milioni moja za mahindi kuharibika kati ya milioni 2.2 hivi zilizopandwa. Bwawa la Kariba likashuka, na kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Zambia hutoka kwenye maji, giza likawa la saa nyingi kila siku. Lubumbashi inakula unga unaopita mpakani Kasumbalesa, na migodi yetu hununua umeme upande huo huo. Kwa hiyo hata mvua ikinyesha vizuri Kipushi, bukari (ugali) inaweza kupanda bei kwa sababu ya mawingu yaliyokosekana Choma, Zambia. Ndiyo sababu nasisitiza nusu hekta yetu isipotezwe mwaka huu.

Tuanze na kipimo cha mvua. Yaya atafute chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Akate sehemu ya juu pale mwili unapoanza kupinda, aigeuze na kuiingiza mdomo chini, iwe kama faneli. Hiyo inazuia maji kukauka kabla hayajasomwa. Chini aweke kokoto na saruji kidogo mpaka apite mapindo ya kitako. Saruji ikiisha kukauka, amwage maji mpaka yafunike mawe na apige mstari: hapo ndipo sifuri. Juu ya sifuri abandike rula. Milimita moja kwenye rula ni lita moja kwenye kila mita ya mraba ya shamba. Chupa ifungwe kwenye nguzo iliyosimama wima, mdomo uwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yasiruke ndani, na isimame mbali na ukuta au mwembe kwa umbali wa mara mbili ya urefu wake. Isomwe saa moja kamili asubuhi kila siku, iandikwe daftarini na tarehe, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi. Kuku watakuja kunywa, kwa hiyo wekeni waya juu.

Kupanda kusianze kwa sababu jirani ameanza. Mvua za Oktoba zinadanganya: mbegu ya mahindi inanyonya maji, inachipua, kisha wiki mbili za jua zinaiua, na mbegu hiyo hairudi kwenye mfuko. Kanuni ninayowaomba mwifuate ni hii: baada ya katikati ya Novemba, daftari lionyeshe jumla ya milimita 25 au zaidi kwa siku tatu mfululizo, na jembe likichimba lione udongo una unyevu mpaka shubiri moja chini. Juu kukiwa na tope na chini vumbi, subirini. Nafasi iwe sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, kina sentimita 5. Kwa nusu hekta inatosha kilo 12 au 13.

Msipande yote siku moja. Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko mengine yote. Mahindi ya siku 120 yanatoa maua kama siku ya 60 au 65, na siku kumi tu za ukavu wakati huo zinaacha magunzi matupu, kwa sababu nywele za muhindi zinakauka kabla chavua haijazifikia. Pengo la Januari au Februari hakuna anayejua litaangukia wiki gani. Gaweni shamba mafungu matatu, kila moja siku kumi baada ya lililotangulia, na fungu la mwisho liwe mbegu ya muda mfupi, ya siku 90 mpaka 110. Baada ya Krismasi msipande tena: mvua zikifunga mwishoni mwa Machi, punje zitakuwa bado maziwa.

Urea iwekwe mimea ikifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, sentimita 5 chini na pembeni ya shina, ifukiwe. Ikiachwa juu kwenye jua, sehemu kubwa inageuka hewa yenye harufu kali na kupotea. Ikinyeshewa milimita 40 saa hiyo hiyo, inakwenda mtoni. Mabua ya mwaka jana msiyachome. Tandazeni kati ya mistari, yashike unyevu.

Nyumba nayo. Bati lenye kutu linaweza kupita digrii 60 mchana, na kitanda cha Mama kiko chini yake bila dari. Dari ya mbao nyembamba au ya mkeka inasaidia endapo tu hewa ya juu yake ina njia: toboeni matundu pande mbili zinazokabiliana, yafungwe wavu wa popo. Bila matundu mtakuwa mmejenga tanuri juu ya vichwa. Paa lipakwe rangi nyeupe ya maji ya nje, mikono miwili, baada ya kulisugua kutu. Fundi akiwaletea chokaa kwa sababu ni rahisi, mkataeni: inabanduka kwa mvua, na ikiwa mbichi inakula zinki ya bati.

Mfereji chini ya paa uwe na mteremko wa sentimita moja kila mita mbili, na vishikio visipishane zaidi ya sentimita 60, la sivyo unainama katikati na kumwaga maji ukutani. Paa letu la mita 60 za mraba, mvua ikipiga milimita 60 kwa saa, linatoa lita moja kila sekunde, yaani bidoni (dumu) la lita 20 kila sekunde 20. Pipa moja la lita 200 litafurika kabla hamjamaliza kuanua nguo. Kwa hiyo pipa liwe na bomba la kupeleka ziada kwenye bustani ya sombe (majani ya muhogo), si kwenye msingi. Lita 60 za kwanza za kila mvua zimwagwe; zimebeba vumbi na mavi ya ndege.

Pesa ya mbegu nitaituma wiki ijayo, kwa jina la yaya kama kawaida. Ya rangi na bati itafuata Oktoba. Tafadhali Mama, usizichanganye, na harusi ya Ruashi isubiri fungu lake. Yaya anitumie picha ya daftari kila Jumapili.

Wasalimieni wa mtaa wa Kenya na wa Kamalondo.

Mtoto wenu