Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: ufunguo wa sanduku anao nani?

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya, mkoani Dodoma.

YAH: HUDUMA YA KWANZA KWA WATOTO WETU SHULENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nakusalimu na kukupa pole ya majukumu. Najua ni mengi, maana nimefika ofisini kwako mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa uko kikaoni, mara ya pili uko safarini. Nauli ya mara ya tatu imeishia kwenye bodaboda, nitaeleza kwa nini. Binti yangu mkubwa ananichapia haya kwenye simu yake, kwa hiyo ukikuta makosa ya herufi ni yake. Hasira ni yangu.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mwanangu wa darasa la tatu alikuwa kwenye foleni ya uji. Uji wenyewe unaufahamu: sisi wazazi tunachanga mahindi, tunachanga na hela ya mpishi, ingawa tangu Januari 2016 tunaambiwa elimu ni bila malipo. Simlalamikii mtu kwa hilo, mtoto akinywa uji anasikiliza darasani. Jiko la shule ni mafiga matatu chini ya mti. Watoto walisukumana, sufuria ikayumba, uji ukamwagikia mguu wake wa kulia. Alikuwa amevaa yeboyebo. Uji si maji, Mheshimiwa. Maji yanamwagika yanapita. Uji unang'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza, na ule ulioingia ndani ya kiatu ulikaa humo humo.

Mpishi alimvua kile kiatu kwa nguvu. Mwalimu wa zamu akapiga kelele aletewe sanduku la huduma ya kwanza. Sanduku lipo! Lipo ofisini kwa mwalimu mkuu, la mbao, limechorwa msalaba mwekundu, wageni wakija wanaliona. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa mjini kwenye semina. Basi mama mmoja auzaye maandazi getini akakimbia nyumbani kwake akarudi na dawa ya meno. Wakampaka kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kifundo. Simlaumu yule mama. Hata mimi, kabla ya siku ile, ningepaka hiyo hiyo, au unga wa ngano, au yai.

Kufuli lilikuja kuvunjwa jioni, nikiwa tayari nimeshampeleka mtoto kituo cha afya. Kilichokutwa ndani nimesimuliwa na mjumbe wa kamati ya shule: paketi mbili za chaki, chupa ya spiriti iliyokauka, na bandeji moja ya rangi ya chai. Chaki zilikuwa nzima kabisa, hazina shida.

Sasa nikukumbushe jambo. Mwaka jana ulipokuja kupokea yale madarasa mawili, mlikuja na magari manne. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa kati ya akina mama tuliopika pilau. Ulisimama ukasema, na tukakupigia makofi, kwamba kabla ya muhula mpya kila shule ya kata yetu itakuwa na sanduku la huduma ya kwanza lililojaa na walimu wawili waliopata mafunzo. Ulisema na kisima kitatengenezwa. Tulikupa jogoo. Muhula ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Jogoo siulizii, nauliza hao walimu wawili.

Pale kituo cha afya tabibu alikaa na mwanangu karibu saa nzima akimtoa ile dawa ya meno kwa maji ya chumvi. Kilio nilichokisikia mle ndani sijakisikia tangu nimzae. Alipomaliza akaniambia kwa upole tu: mama, angemwagiwa maji safi ya baridi dakika ishirini pale pale, akafunikwa kitambaa safi, akaletwa, kidonda kingekuwa nusu ya hiki. Maji tu. Hata hilo sanduku lisingehitajika kwa dakika ishirini za kwanza.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipozidi, kwa sababu wewe na mimi tunajua habari ya maji. Pampu ya kisima cha shule ina miaka miwili haifanyi kazi. Kila mtoto anakwenda asubuhi na dumu lake la lita tano, na kufika saa nne maji yote yameshaingia kwenye uji na kwenye vyoo. Wengine wanasema pampu iliharibika kwa sababu ya chumvi ya maji ya huku, wengine wanasema vipuri vilinunuliwa vikaishia njiani. Sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba siku ile hapakuwa na ndoo moja ya maji shuleni. Zile ndoo zenye bomba tulizoletewa wakati wa korona zipo stoo, zimepangwa vizuri, moja ndani ya nyingine.

Usafiri nao ulikuwa bodaboda. Zahanati ya kijiji chetu ni boma lililofika usawa wa lenta, mbuzi wanalalia humo mchana. Kwa hiyo tulikwenda kituo cha afya cha kata jirani, mwanangu katikati, mguu ameunyoosha pembeni ili usiguse eksozi, na vumbi hili la huku kwetu unalijua. Nililipa elfu kumi na tano kwenda na kurudi. Kadi yangu ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, ilikwisha muda, shilingi 30,000 ya kuihuisha niliinunulia mbegu za alizeti, na mvua nayo ikatunyima. Kwa hiyo dawa na bandeji nimelipia mfukoni, na kila baada ya siku mbili tunarudi kusafishwa kidonda. Nimeuza mbuzi mmoja. Sijui kama ni kijiji kizima hakina bahati au ni mimi peke yangu.

Nilimuuliza mwalimu mkuu, akanijibu kwa unyonge kwamba ruzuku ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo Sh 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni ni Sh 6,000. Nikapiga hesabu zangu za sokoni: ukigawa kwa siku za masomo, haifiki Sh 50 kwa siku kwa mtoto. Humo humo kuna chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Ndiyo maana chaki zikakaa kwenye sanduku la dawa, labda ndicho kitu pekee walichoweza kununua. Sikatai. Lakini Mheshimiwa, mahali pengine fedha huwa zinapatikana, na siku ya mwenge huwa hatuulizwi zimetoka wapi.

Utasema walimu ni saba na wamechoka. Kweli wamechoka. Ila walimu hao hao, zoezi la kingatiba likija, wanapewa mafunzo, wanawapima watoto urefu kwa ile fimbo, wanajua mrefu huyu vidonge vingapi vya kichocho na mfupi yule vingapi, wanaandika kwenye daftari, na hakuna mtoto anayekosewa. Kumbe wanafundishika! Inashindikana nini kuwaongezea siku moja? Wafundishwe aliyeungua moto ni maji, si dawa ya meno. Mtoto akitokwa damu puani, na kwa ukavu wa Dodoma ni kila wiki, ainamishwe mbele na pua ibanwe, asiinuliwe kichwa akameza damu. Wa kifafa alazwe ubavu, asisokomezwe kijiko mdomoni. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wembe wala kufungwa kamba, atulizwe, mguu usichezeshwe, awahishwe hospitali. Hayo yote nimeyajua baada ya kukaa kwenye benchi la kituo cha afya siku nne, nikisoma mabango ukutani na kumuuliza nesi maswali mpaka akanichoka. Kama mimi wa darasa la saba nimeyashika, mwenye stashahada ya ualimu atashindwa?

Jambo lingine linanisumbua usingizini. Pale mjini, hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018. Figo! Tunajivunia, ni ya kwetu Dodoma. Halafu mwendo wa saa mbili tu kutoka hapo, mguu wa mtoto unapakwa dawa ya meno kwa sababu ufunguo umekwenda semina.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na maombi mengi: kisima, zahanati iezekwe, jiko la kudumu lenye ukuta, nesi wa kupita shuleni hata mara moja kwa mwezi. Binti yangu anasema barua imekuwa ndefu, watu hawatasoma. Basi nayaacha yote, hayo utayatimiza ukipata nafasi, kama kawaida. Naomba walimu wawili wafundishwe. Wawili uliowaahidi mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele ya pilau. Na lile sanduku lisifungwe kufuli tena. Chaki zitafutiwe pengine.

Mwanangu anatarajiwa kurudi shule Jumatatu ijayo, mguu ukiruhusu. Nimemnunulia dumu la pili. La kwanza ni la uji na vyoo kama utaratibu ulivyo. La pili dada yake ameliandika kwa makapeni nyekundu: LA MOTO TU. Nimemwambia akae nalo chini ya dawati, na mwalimu akimuuliza aseme mama ndiye aliyesema.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu.

Nakala: Mwenyekiti wa kamati ya shule, Afisa Elimu Kata, yeyote mwenye ufunguo.