Vitanda vyavuka Busia, hati za zabuni zakwama

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa kibarua wa kuchomelea vyuma na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya juzi, ya maafisa wa Afrika Mashariki waliokutana katika hoteli hapa Nairobi na kutangaza kwamba mifumo ya ununuzi wa umma katika kanda imekaribia kuoanishwa, imenishinda kumeza. Imekaribia wapi? Ni nani kati yao amewahi kujaza zabuni ya nchi ya pili kwa mkono wake?

Sisi tunatengeneza vitanda vya hospitali pale Kariobangi Light Industries, vile vyenye hendeli ya kuzungusha ili kuinua kichwa cha mgonjwa. Mwaka uliopita hospitali moja ya serikali katika nchi jirani ilitangaza zabuni mtandaoni, ikasema kampuni zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinakaribishwa. Fomu ya kwanza kabisa ilitaka nambari ya mlipa kodi. Kila mfanyabiashara wa Kenya anajua PIN yetu ilivyo: herufi moja mwanzoni, A kwa mtu binafsi na P kwa kampuni, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine mwishoni. Kisanduku chao kilikuwa kinakubali tarakimu tupu. Ukiandika P kinageuka chekundu, na usipokijaza huendi ukurasa wa pili. Nikapiga simu kitengo chao cha usaidizi. Kijana aliyepokea, tena mwenye adabu zake, akaniambia, "Mzee, hizo herufi zitoe uweke sifuri, Wakenya wote wanafanya hivyo." Nikaweka sifuri kama nilivyoelekezwa. Tukaenda benki kutoa dhamana ya zabuni, tukapakia vyeti, picha na vipimo vya kitanda, tukasubiri. Matokeo yalipotoka tulikuwa tumetupwa nje hatua ya awali kabisa, kabla mtu yeyote hajaangalia bei yetu wala ubora wa kitanda chenyewe. Sababu iliyoandikwa: nambari ya kodi iliyo kwenye fomu hailingani na iliyo kwenye cheti cha ulipaji kodi. Hailingani! Italinganaje na mfumo wao wenyewe ndio uliokataa nambari iliyo kwenye cheti, na mtumishi wao wenyewe ndiye aliyesema niweke sifuri? Nilipoandika kulalamika nikajibiwa kwamba siku za kukata rufaa zimepita. Zabuni ikapewa dalali wa hukohuko, na baada ya muda dalali huyo akatupigia simu akitaka tumuuzie vitanda vilevile. Tukamuuzia, kwa sababu vijana karakanani lazima walipwe. Hospitali ikalipa bei yetu na faida ya dalali juu yake, na pesa hizo ni za wagonjwa.

Na vitanda vyenyewe vilivukaje? Bila shida! Hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Tangu Himaya Moja ya Forodha, mpango wa kuzifanya nchi za Jumuiya kuwa eneo moja la forodha, ianze mwaka 2014, forodha za nchi zetu zimejifunza kusomana. Kitanda cha hospitali kiko chini ya kichwa 9402 katika orodha ya bidhaa inayotumika duniani tangu 1988, na afisa wa upande huu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, anakijua kwa nambari hiyohiyo anayoijua mwenzake wa upande ule. Hakuna anayeniuliza kitanda ni nini. Basi mbona nambari hiyo haipo kwenye fomu ya zabuni? Mnunuzi mmoja anaandika "seti", mwingine "vipande", wa tatu anahesabu godoro peke yake, halafu hati ya mzigo ikifika ghalani karani anasema idadi haioani na ile ya LPO, yaani hati ya mnunuzi ya kuagiza bidhaa. Umoja wa Mataifa umekuwa na orodha ya alama za vipimo kwa kazi hii kwa miaka mingi: seti ni SET, kipande ni H87. Kazi iliyobaki ni kuitumia tu.

Kila serikali imejenga mfumo wake wa zabuni za mtandaoni kana kwamba iko peke yake kisiwani. Rwanda ilitangulia na Umucyo. Uganda ikaja na wake mwaka 2021. Tanzania ikaacha TANePS ikahamia NeST mwaka 2023. Sisi Kenya tukatangaza e-GP mwaka 2025, magavana wakaipinga na mambo yakaishia mahakamani. Mifumo ya ankara za kielektroniki za kodi nayo hivyohivyo: Kenya ni eTIMS, Uganda ni EFRIS, Rwanda ni EBM. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara wa hapa asiyekuwa na ankara ya eTIMS kwa ununuzi wake wa ndani anaweza kukataliwa gharama hiyo kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo tumejifunza kwa lazima na tumeizoea. Lakini ankara hiyohiyo, yenye alama yake ya kuthibitisha, ikifika ng'ambo ya mpaka inakuwa picha tu. Mhasibu wa kule anaketi na kuichapa upya, mstari kwa mstari, na akikosea tarakimu moja malipo yanasimama.

Sitaki kuambiwa kwamba jambo hili ni gumu. Lugha ya hati za biashara inayoitwa UBL ipo, ni ya bure, na tangu 2015 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19845. Toleo hilo lina aina 65 za hati, kuanzia tangazo la zabuni, LPO na hati ya mzigo mpaka ankara. Ulaya walianza Peppol, mtandao wao wa kupokezana hati za biashara, mwaka 2008, mwaka 2014 wakatunga sheria ya kuzilazimu ofisi za umma kupokea ankara za kielektroniki, na mwaka 2017 wakachapisha kiwango kimoja cha ankara. Muuzaji anatumia programu yake ya hesabu, mnunuzi yake, na katikati kuna watoa huduma wanaopokezana faili ambayo kompyuta za pande zote mbili zinaisoma. Hakuna nchi iliyoacha viwango vyake vya kodi. Walichokubaliana ni kila taarifa ikae wapi na iandikweje, basi. Na nambari ya mlipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kule inatanguliwa na herufi mbili za nchi, kwa hiyo ya Mfaransa haichanganywi na ya Mjerumani.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme na hili la mihuri. Mwaka 2020 Bunge letu lilibadilisha sheria za biashara, likaondoa ulazima wa muhuri wa kampuni na kutambua sahihi za kielektroniki. Lakini zabuni zinazoitwa za mtandao, hapa hapa Kenya, bado zinataka uchapishe kila ukurasa, uugonge muhuri, uandike nambari ya ukurasa kwa kalamu kuanzia 1 mpaka mwisho, kisha uiskani yote na kuipakia. Kampuni zinaondolewa kwa sababu ukurasa wa 87 umerukwa. Msichana wa ofisini kwetu anakesha akigonga mihuri juu ya hati iliyotoka kwenye kompyuta na inayorudi kwenye kompyuta. Muhuri wenyewe anachongewa yeyote pale River Road hapa mjini, akisubiri, bila kuulizwa kitambulisho. Unamlinda nani?

Ombi langu kwa wakubwa wa Arusha, makao makuu ya Jumuiya, si mkutano mwingine. Waanze na kisanduku cha nambari ya kodi, wakipanue kipokee herufi na kiwe na nchi mbele: KE, UG, TZ, RW, BI, SS, CD na SO. Herufi hizo zimekwisha kupangwa kimataifa, na hiyo haihitaji mkataba wala mshauri kutoka nje. Kisha wachukue bidhaa moja tu, vitanda vya 9402, na hati mbili tu, LPO na ankara, wazipitishe kwa UBL kati ya Kenya na Uganda hadi zifanye kazi bila mtu kuchapa upya, ndipo waongeze dawa na madawati ya shule. Na kabla afisa yeyote hajatia sahihi kwamba mfumo wa nchi yake uko tayari, aketi na kujaza zabuni nzima akitumia vyeti vya kampuni ya nchi jirani, mbele ya waandishi wenu. Wakikosa kampuni ya kujaribia, PIN yetu wataipata karakanani. Tunafungua saa mbili asubuhi, Jumamosi pia.

Mtengenezaji wa vitanda,
Kariobangi, Nairobi