Barua kwa Mwanaidi: mbona filamu za utangulizi zinatuvunja moyo

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mwanao sasa amefikia umri wa kutazama Star Wars. Umeniuliza kama uanze na filamu ya 1999, kwa kuwa ndiyo inayohesabiwa sehemu ya kwanza. Tafadhali mwenzangu, usifanye hivyo. Anza na ya 1977, kisha ya 1980, ili adui mkuu Darth Vader atakapomwambia shujaa wetu Luke kuwa yeye ndiye baba yake, mtoto aruke kitini. Akianza na zile za utangulizi, yaani zilizotengenezwa baadaye kusimulia yaliyotokea kabla, atafika pale keshajua kila kitu, na siri kubwa kuliko zote katika mfululizo ule itampita hivi hivi.

Umeshangaa pia kwamba nina uchungu na filamu za namna hiyo, wakati ndizo zinazotueleza mengi kuhusu watu tunaowapenda. Uchungu wangu unatokana na huko kueleza kwenyewe.

Kumbuka filamu ya 1977. Mzee Obi-Wan anamgusia Luke habari za baba yake na Vita vya Clone kwa maneno machache, kisha hadithi inasonga mbele. Hatuonyeshwi kitu. Mashabiki walikaa na maneno yale miaka 25, hadi 2002 vita vile vilipoonyeshwa, na muda wote huo kila mmoja alikuwa akivipigana kichwani mwake kwa namna yake. Mwongozaji gani angeshindana na hilo? George Lucas mwenyewe, aliyeubuni ulimwengu ule, hakuweza.

Ila kinachoniuma zaidi ni lile tukio la damu katika filamu ya 1999. Shujaa mmoja, Qui-Gon, anamtoa damu Anakin, mtoto wa miaka 9 ambaye ndiye atakayekuja kuwa Darth Vader, anaituma ikapimwe wingi wa viumbe vidogo viitwavyo midi-chlorian, na majibu yanarudi: zaidi ya 20,000. Yoda, yule mwalimu mkongwe wa filamu ya 1980, alikuwa ametufundisha kwamba ile Nguvu, uwezo wa ajabu wanaoutumia mashujaa wale, inatuzunguka na kuunganisha kila kitu, mti na jiwe, wewe na mimi. Nilipoyasikia maneno yale niliamini kwamba yeyote atakayetulia na kusadiki anaweza kuigusa. Sasa naambiwa kumbe inapimwa maabara, na mtu huzaliwa nayo au huzaliwa bila hiyo. Tangu hapo siwezi kumsikiliza Yoda bila kukumbuka kile kipimo.

Solo ya 2018, filamu ya ujana wa Han Solo, rafiki wa Luke, nayo ikaja na yake. Kijana Han anakimbia, anafika kwa ofisa anayeandikisha askari, anaulizwa jina la ukoo wake. Anajibu kwamba hana watu, yuko peke yake. Ofisa anafikiri kidogo, anamwandika Solo. Basi! Jina ambalo hakuna shabiki aliyekuwa akilitafutia asili likapewa cheti cha kuzaliwa. Filamu hizi zina hofu ya kuacha kitu bila maelezo, na matokeo yake dunia inapungua. Hata C-3PO, roboti tuliyekutana naye kama mtumishi tu, ikawa ameundwa na Anakin utotoni. Ulimwengu mzima wa sayari, halafu watu wote wanajuana kama wa mtaa mmoja!

Na si Star Wars peke yake. Katika Alien, filamu ya kutisha ya 1979, wahusika wanaingia katika chombo kilichokufa na kukuta jitu limekauka kitini, kifua kimepasuliwa kutoka ndani. Ni nani, alitoka wapi, hatuambiwi, na hofu yote ya filamu inaanzia hapo. Mwongozaji wake, Ridley Scott, aliporudi na filamu ya utangulizi, Prometheus, mwaka 2012, tukaambiwa kwamba umbo lile lilikuwa vazi tu, na ndani yake mna kiumbe mweupe anayefanana sana na binadamu. Nilitamani nisingeambiwa.

Wengi husema tatizo ni kwamba mwisho tunaujua: steringi hafi. Mimi sikubali. Filamu tunazozirudia mwisho wake tunaujua pia, na moyo bado unatudunda. Tazama Better Call Saul, tamthilia ya televisheni ya 2015 hadi 2022 inayosimulia yaliyotangulia tamthilia ya Breaking Bad. Tulijua mhusika mkuu, Jimmy, atafika salama katika Breaking Bad. Lakini waandishi wakamweka kando yake Kim Wexler, mwanasheria ambaye katika Breaking Bad hatajwi hata mara moja. Kwa hiyo kila msimu nilikuwa roho juu: amekufa? Amemkimbia? Amefungwa? Walifungua swali ambalo hatukuwa nalo kabisa. Rogue One ya 2016, filamu nyingine ya Star Wars, nayo ilichukua mstari mmoja wa maandishi yanayofungua filamu ya 1977, kwamba majasusi wa waasi waliiba ramani za silaha ya adui, ikatuletea watu ambao hatujawahi kuwaona. Baada ya kujua waliozifikisha walilipa nini, ramani zile mkononi mwa Leia, binti mfalme wa filamu ya 1977, ni nzito zaidi kuliko zamani.

Better Call Saul ina misimu 6. Itazame mtoto akishalala, maana si ya umri wake. Na ukifika msimu wa mwisho niandikie mara moja, nataka sana kujua unamwonaje Kim.

Wako akupendaye,
Rehema