Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kuangalia miguu ya ndege, sio kuhesabu vichwa tu

Wanachama wenzangu, habari za siku nyingi.

Nianze kwa kuomba radhi, taarifa hii ilitakiwa iwafikie kabla ya mkutano na sio baada, katibu kanikumbusha mara nyingi na mimi kila mara namwambia kesho, basi ndo hiyo kesho imefika. Mambo ya hela mweka hazina ameshayaweka kwenye karatasi yake, sina cha kuongeza, na wale wenye madeni ya ada wanajijua. Mi nataka niongelee kitu kimoja ambacho kimenikaa kichwani mwaka mzima.

Chama chetu tangu kianze kazi yake ni kuhesabu ndege wa mjini. Tunaamka alfajiri, darubini shingoni, tunaandika njiwa wangapi, shomoro wangapi, kunguru wangapi, tunajumlisha, namba ikipanda tunafurahi ikishuka tunanuna. Hata mimi nimehesabu hivo hivo miaka yote. Sasa mwaka huu siku moja ya hesabu nilikuwa nimeshajaza njiwa kwenye fomu, nikakaa kupumzisha mgongo, mmoja akaja mpaka karibu na viatu vyangu anachechemea. Nikamuangalia vizuri: mguu wa kushoto vidole viwili hamna, vimebaki vigutu, na ule wa kulia umezungushiwa kitu kama uzi mweusi mpaka nyama imevimba ikaufunika. Nikamtupia kitambaa nikamkamata (msijaribu kama hamjazoea, atapapatika mpaka aumize bawa), mwenzetu akatoa mkasi wa kucha tukaukata taratibu, na ulipotoka ndo tukaona sio uzi, ni nywele za mtu. Nywele, jamani! Na kwenye fomu yangu alikuwa keshaandikwa njiwa mmoja, sawasawa na mwenzake mwenye vidole vyote.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, kumbe watu walishalifanyia utafiti. Paris, matokeo yakatoka 2019: walizunguka mtaa kwa mtaa wanaangalia vidole vya njiwa, wakakuta vilema wengi zaidi wako penye kelele na hewa chafu, na penye saluni nyingi, na kwenye mitaa yenye bustani wanapungua. Zamani watu walikuwa wanasema ni maradhi tu, eti kwasababu njiwa wanasimama kwenye mavi yao. Lakini ukifikiria inaeleweka, njiwa anashinda chini anatembea kwenye takataka zetu, nywele inajiviringisha, kila akijitahidi kuitoa inakaza, damu haipiti, kidole kinakauka kinadondoka.

Kwahiyo swali langu la mwaka ndo hilo: ndege kuwepo mjini na ndege kuwa mzima ni vitu viwili tofauti, na sisi tumekuwa tunapima cha kwanza tu.

Chukua hewa. Mapafu ya ndege sio kama yetu ya kuvuta na kutoa kwa njia ile ile, yeye ana mifuko ya hewa mwilini inayosukuma hewa ipite kwenye mapafu kwa upande mmoja, akivuta hewa mpya inapita, akitoa pia hewa mpya inapita. Ndo injini inayomwezesha kuruka masafa yale, lakini injini hiyo hiyo ikipewa moshi inaumeza wote. Wachimba makaa wa Uingereza walilijua hilo, walikuwa wanashuka mgodini na kanari, ndege mdogo wa kufugwa, kwenye kizimba, gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi ikiwepo kanari anaanguka kabla ya mtu, na waliendelea nao mpaka 1986. Na kuna kazi moja ya 2017 naipenda sana: watafiti wawili wa Chicago walipiga picha ndege zaidi ya 1,300 waliohifadhiwa makumbusho, waliokusanywa kwa muda wa miaka 135 kwenye maeneo ya viwanda ya Marekani, wakawapanga kwa miaka. Ndege wa aina moja, wa mwanzo wa karne ya 20 tumbo limechafuka kama wamegaragara kwenye makaa, wa miaka ya karibuni tumbo safi. Na kwa vile manyoya yanabadilishwa kila mwaka, masizi yale sio ya maisha yote ya ndege, ni ya mwaka ule. Yaani ndege ni kama shajara ya hewa, na hakuna aliyekusudia kuiandika.

Risasi ni hivo hivo (nasema ile metali, sio ya bunduki). New York walipima damu ya njiwa wagonjwa waliookotwa sehemu mbalimbali, matokeo yakatoka 2016, na mitaa ambayo njiwa walikuwa na risasi nyingi ndo ile ile ambayo watoto nao walikutwa na risasi nyingi. Njiwa haendi mbali na kwake, anakula na kunywa pale pale watoto wanapocheza. Nilimsomea hiyo jirani yangu ambaye kila siku ananiuliza kuhesabu ndege kunamsaidia nani, akanyamaza. Mara ya kwanza.

Kelele sasa. Kuna mwanachama alilalamika kwenye grupu kwamba ndege wa dirishani kwake kachanganyikiwa, anaimba saa nane usiku. Hajachanganyikiwa. Sheffield, Uingereza, ilionekana 2007 kwamba ndege wanaoimba usiku wanakuwa pale ambapo mchana pana makelele, kwahiyo anasubiri watu na magari walale ndo aongee na mke wake. Wengine wanabadilisha sauti: Leiden, Uholanzi, 2003, ndege wadogo wa sehemu zenye kelele walikutwa wanaimba kwa sauti nyembamba zaidi, maana mngurumo wa magari uko chini na ukiimba chini unamezwa. Halafu 2020 watu wakafungiwa ndani kwa korona, San Francisco ikanyamaza, na shomoro wa kule wakashusha sauti, wakawa wanaimba taratibu lakini wanasikika mbali zaidi. Hapo ndo nilipoelewa kwamba ile sauti niliyozoea kuiandika kama wimbo wao wa kawaida huenda ni kupiga kelele tu ili wasikike.

Watu watasema ndege wamezoea, mbona wanazaa. Hii hoja nimeisikia hata kwenye kamati yetu wenyewe. Ni kweli wana akili za kuishi: Antwerp na Rotterdam 2023 walikutwa kunguru na jamaa zake wamejengea viota ile miiba ya chuma ambayo watu huweka kwenye majengo kufukuza ndege, kiota kimoja kina miiba kama 1,500, nilicheka mpaka nikapaliwa. Na Meksiko mjini shomoro wanaweka vipisi vya sigara kwenye viota, nikotini inafukuza utitiri, wadudu wanapungua kweli. Lakini walipoendelea kuchunguza vifaranga wa viota hivyo, damu yao ilikuwa na madhara kwenye vinasaba, na vipisi vikizidi madhara yanazidi. Kwahiyo amezoea, ndio, ila analipia. Na chakula pia, shomoro mkubwa anaweza kuishi kwa makombo yetu, kifaranga hawezi, yeye anataka wadudu, na mji uliopuliziwa dawa na kumwagwa zege kila mahali wadudu wanatoka wapi.

Vioo na taa. Hapa chama kimefanya kazi kweli na nawashukuru wale wa zamu ya alfajiri. Mnakumbuka tuliandika barua mbili kwa wenye jengo moja la vioo, hatukujibiwa hata moja. Aliyetusaidia ni mlinzi wa zamu ya usiku, alikuwa anawaokota waliozimia anawaweka kwenye boksi la viatu lenye matundu, gizani, akitufungulia tukifika wengine wameshapata nguvu wanaruka zao, wengine ndo tunawafunga kwenye karatasi. Mlinzi huyo hajui jina la ndege hata mmoja na kafanya zaidi ya baadhi yetu. Ndege haoni kioo, anaona mti na mbingu iliyojirudia ndani yake, na wale wanaohama usiku taa zinawavuta kwanza halafu kioo kinawamaliza. Makadirio ya Marekani yaliyotoka 2014 ni kati ya milioni 365 na 988 kwa mwaka wanaokufa kwa kugonga majengo. Chicago, usiku mmoja wa Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 waliokotwa wamekufa chini ya jengo moja tu la mikutano, McCormick Place. Mwaka uliofuata wakabandika vidoti kwenye vioo na vifo vikashuka vibaya sana. Vidoti vyenyewe havihitaji ufundi, viwe nje ya kioo na nafasi kati yake isizidi sentimita 5. Na taa ni swichi tu: New York zile taa mbili kubwa za kumbukumbu ya Septemba 11 zinazungukwa na ndege maelfu, lakini zikizimwa kidogo wanatawanyika ndani ya dakika chache. Barua ya tatu nimeshaiandika, nimeweka na picha.

Sasa kosa langu, maana sitaki lisemwe nyuma ya mgongo. Beseni la maji na kibao cha nafaka nilivyowahamasisha muweke, mimi mwenyewe kwangu niliviacha wiki kadhaa bila kusafisha, nafaka ikaota ukungu, na wakaanza kuja ndege waliojivimbisha manyoya, wamekaa tu, wanashindwa kumeza. Uingereza ugonjwa wa vijidudu vya trikomona, unaoziba koo, umewamaliza ndege wengi wa kijani wa bustanini tangu 2005, na sehemu mojawapo ya kuambukizana ni pale pale tunapowalisha kwa upendo. Mi nilikuwa nawakaribisha wagonjwa na wazima kwenye sahani moja. Nimevitoa vyote kwa muda, nikavisugua kwa maji ya moto na dawa, vikakauka juani. Mkiona ndege mmoja tu wa namna hiyo acheni kulisha, wakatawanyike.

Uchaguzi ulikwenda salama, viongozi ni wale wale kasoro mtunza kumbukumbu, ambaye amekubali kwa sharti kwamba fomu isiongezeke. Nasikitika kumwambia inaongezeka. Pembeni ya idadi tumeweka nafasi ya miguu, macho, manyoya, muda aliosikika akiimba, na kama kaokotwa basi chini ya nini. Najua asubuhi moja mtahesabu ndege wachache zaidi kuliko mlivyozoea, na namba zetu hazitalingana na za miaka ya nyuma, tumelijadili hilo mpaka usiku na bado kuna wasiokubali. Fomu ziko kwa katibu, zirudi kabla ya mkutano ujao, na mwandiko usomeke tafadhali.

Yule njiwa nimemuona tena mara mbili, pale pale. Bado anachechemea, ila mguu wa kulia uvimbe umeshuka. Nimemjaza kwenye fomu mpya mstari wa kwanza: njiwa mmoja, kushoto vidole viwili hamna, kulia kovu.