Simu si kiti? Basi tuambiwe ni nini

Mhariri,

Mimi ni dereva wa trela, tena ni mmoja wa wazazi sita wanaoketi kwenye bodi ya usimamizi ya shule moja ya sekondari huku Taita Taveta. Muhula uliopita kikao kilinikuta Malaba, siku ya pili kwenye foleni ya mpakani. Mwalimu mkuu akanipigia kwa WhatsApp, simu ikalazwa mezani, nikasikia kila kitu hadi vijiko vikigonga vikombe vya chai. Ilipofika hoja ya kubadilisha muuzaji wa mahindi na maharagwe, nikapinga na sababu nikatoa.

Kumbukumbu ziliponifikia nikajikuta miongoni mwa waliotoa udhuru. Kura yangu haimo. Nilipouliza, mwenyekiti akanijibu: simu si kiti.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo inahusu na shule za sekondari, nimeisoma. Inataka bodi ikutane angalau mara moja kila miezi minne, na inataja nani aingie: wazazi, mwalimu, watu wa mfadhili na wengineo. Anayehudhuria kwa simu sikumwona humo. Wenye kampuni wao walishafikiriwa. Korona ilipoingia 2020 walianza kukutana na wenyehisa mtandaoni, na mwaka uliofuata sheria yao ikarekebishwa iwaruhusu.

Hata hivyo mwenyekiti ana lake, sitamnyima. Mwaka jana mwenzetu mmoja alijiunga akiwa ndani ya matatu, sauti juu, nasi tunajadili kesi ya msichana aliyetoroka bwenini. Abiria wakasikia jina na kosa. Kufika jioni habari zimejaa stendi. Mtoto yule hakurudi tena shuleni kwetu, na hakuna aliyemwomba radhi mama yake.

Kwa hiyo siombi mlango ufunguliwe ovyo. Waziri wa Elimu atoe kanuni. Anayejiunga kwa simu aseme yuko wapi na amekaa na nani. Kura ipigwe kwa kuitwa majina, naye uso wake uonekane. Karatasi za zabuni zitumwe siku kadhaa kabla, maana mimi bei za maharagwe nilisomewa mara moja tu, kwa kasi, huku honi zikilia nyuma yangu. Mtandao ukimkatikia, karani aandike saa aliyopotea na saa aliyorudi. Kesi za nidhamu ya watoto ziachiwe waliomo chumbani peke yao, hapo sina mjadala. Na pesa za nauli asipewe. Mimi mwenyewe sijui ningezidai vipi nikiwa nimekalia usukani.

Kikao kijacho ajenda ya kwanza ni kuthibitisha kumbukumbu zile zile. Siku hiyo nitakuwa njia ya Kampala.

Mzazi na dereva,
Voi