Kwa mirungi ya Holili anafungwa dereva boda, bosi yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba wauza dawa za kulevya wote wanyongwe kama Singapore, eti ndo nchi itapona. Hasira yake naielewa kabisa, hata huku Himo wapo vijana walioisha kwa unga, wanasinzia wima stendi mchana kweupe na mama zao tunawajua. Ila amechanganya mambo mengi kwenye gunia moja, na bahati mbaya sheria yetu nayo imechanganya hivyo hivyo.

Singapore ni kweli, heroini ikizidi gramu 15 ni kitanzi na bangi ikizidi gramu 500 ni kitanzi. Sasa mbona hajaitaja Iran? Iran walikuwa wananyonga kwa gramu 30 za heroini, wamenyonga mamia kwa mamia, na unga unaotua huku kwetu miaka yote unapita huko huko, unatoka Afghanistan unakatiza Iran na Pakistan unapakiwa kwenye majahazi pwani ya Makran unateremka na bahari mpaka Kenya, Tanga, Zanzibar na Msumbiji. Mwaka 2017 bunge lao wenyewe likapandisha kiwango cha kunyongwa mpaka kilo 2 manake kamba haikuzuia kitu. Kama pale penye kitanzi mzigo ulipita, sisi huku mwisho wa safari tutanyonga nani, mpagazi?

Na hapo ndo nataka nifike kwenye mirungi, haya majani ya kutafuna ambayo Kenya wanayaita miraa, maana mi naishi mpakani na naiona. Ukivuka Holili tu uko Taveta, na Taveta miraa ni biashara kama mchicha, Kenya wameiingiza kwenye Sheria ya Mazao ya 2013 na ina kanuni zake za 2023, mkulima wa Meru anaiuza kifua mbele. Hiyo hiyo ikishavuka huku inaitwa dawa za kulevya, Sheria namba 5 ya 2015 ikaja kurekebishwa 2017, mzigo ukizidi kilo zilizowekwa ni kifungo cha maisha na chini ya hapo ni miaka 30. Magazeti haya haya yameandika mara ngapi, dereva boda miaka 30, mama wa watoto wanne miaka 30, kosa ni kusafirisha. Mtu ana miaka 24 anatoka na 54. Hata mikataba ya kimataifa yenyewe haijaliweka jani la mirungi kwenye orodha, imeweka zile kemikali zilizomo tu.

Afu angalieni na hiyo hesabu ya kilo. Mirungi ni majani mabichi, yana maji, yanafungwa kwenye majani ya mgomba yasikauke, kwa hiyo kifurushi cha kawaida tu mzani unapanda, wakati kilo nzima ya unga inaenea kwenye begi la shule na hela yake inajenga ghorofa. Na anayekutwa na kilo siku zote ni yule mwenye mzigo mkononi, kijana aliyelipwa hela ya mafuta na ya kula apite njia za panya usiku, wakati mwenye mali yuko mjini anapiga simu tu, mzigo hajaushika hata siku moja. Huyu boda akifungwa kesho asubuhi kuna mwingine anawasha pikipiki, vijana wasio na kazi huku wamejaa.

Msinielewe vibaya, sisemi mirungi ni mboga. Watu wanakesha, hela ya ada inaishia shavuni, meno yanaoza, ndoa zinavunjika. Hata Kenya kwenyewe hawalali, Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, ndugu yake miraa, akisema inawamaliza vijana, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, Rais Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu, mahakama nayo ikaisimamisha, wakabishana wee. Lakini ni ubishi wa watu wanaotafuta namna ya kuibana biashara, hakuna muuza muguka aliyepelekwa jela miaka 30.

Wakubwa wa unga ndo wanaohitaji hayo makali. Ndugu wa Akasha wa Mombasa walikamatwa 2014, kesi ya kuwapeleka Marekani ikaburuzwa mahakamani zaidi ya miaka miwili, mpaka 2017 walipobebwa, na huko New York mmoja akala miaka 25 mwingine 23. Yaani bosi wa heroini kapata pungufu ya boda wa Rombo! Mamlaka yetu ya kudhibiti dawa za kulevya nayo ikiamua inaweza, Desemba 2023 walikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar na Iringa, hapo nilipiga makofi na nitapiga tena.

Na mateja wenyewe ni wagonjwa, hilo Muhimbili walishalijua tangu 2011 walipoanza methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, arosto inakata, anaenda kibaruani. Ureno wao tangu 2001 mwenye kidogo cha kutumia haendi jela. Ila wale wanaotaka kila kitu kiachiwe huru nao watulie, Oregon kule Marekani waliondoa kesi kwa mwenye kidogo 2021 wakati huduma za tiba bado hazijakaa sawa, barabara zikajaa watu wanavuta hadharani, 2024 wakarudisha kesi. Mi heroini sitaki iuzwe dukani, hapana.

Ninachoomba kwa wabunge wetu wa mipakani ni kwamba jani litolewe kwenye kapu moja na unga, mirungi iwe na sheria yake yenye faini na kifungo kinachoeleweka, na wale walioshafungwa miaka 30 kwa majani kesi zao ziangaliwe upya. Na Mamlaka siku wakiita waandishi kutangaza tani walizokamata, watuambie pia kati ya waliokamatwa ni wangapi walikuwa wenye mali na wangapi walikuwa wabebaji, tuchapishiwe humu gazetini tusome.

Msomaji wako,
Himo, Kilimanjaro