Kauli ya kutendwa tuifundishe kwa meli ya Liemba

Mhariri,

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili hapa Kigoma, na inaniuma jinsi kauli ya kutenda na ya kutendwa zinavyopimwa. Mwanafunzi anapewa "Juma eats ugali", anageuza kuwa "Ugali is eaten by Juma", anapata alama zake. Haulizwi kwa nini mtu ageuze sentensi.

Mimi naanzia bandarini. Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924. Vitenzi vyote ni vya kutendwa kwa sababu tunayemfuatilia ni meli, si mafundi. Kwa Kiingereza ni hivyo hivyo: "The ship was built in Germany." Ila wenzetu wanahitaji kitenzi kisaidizi ("was") kinachobeba wakati, na kitenzi kikuu kinakaa katika umbo lake la tatu ("build, built, built"). Sisi tunatia "w" tu, basi. Ndiyo maana watoto huandika "The ship built", na kuwachapa hakusaidii kitu.

Halafu nawauliza: nani aliizamisha? Mtenda asipotajwa, msomaji atadhani ni Waingereza au Wabelgiji, maana ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kumbe ni Wajerumani wenyewe, adui asiipate. Hapo "by the Germans" lazima iandikwe. Darasa linachangamka, kila mmoja ana babu aliyeipanda.

Watunga mitihani, nawaomba mtoe aya nzima ya habari, mwanafunzi achague kauli na aeleze sababu yake.

Mwalimu wa Kiingereza,
Mwanga, Kigoma